Kibla cha Kitui na Hesabu ya Pembe



Mama mmoja aliyehamia Kitui kutoka Mombasa ametuletea swali. Aliambiwa kwamba kibla cha huko ni nyuzi 86 kutoka mashariki, kwa kugeukia kaskazini. Mwanawe, anayesoma pembe shuleni, akazipima nyuzi hizo kutoka ukuta wa magharibi, kisha akatandika mswala. Babake aliporejea, akautandika vingine. Ni yupi aliyepatia?

Sisi wa Mombasa huelekea kaskazini, kwani Makka iko karibu kaskazini yetu hasa. Kitui iko magharibi zaidi, hivyo kibla chake huinama kidogo kuelekea mashariki, kiasi cha nyuzi 4.

Baina ya kaskazini na mashariki pana pembe mraba, yaani nyuzi 90. Kibla huigawa mara mbili: nyuzi 4 upande wa kaskazini, na 86 upande wa mashariki. Pembe mbili zikitimiza 90 hukamilishana. Ukiijua moja, nyingine huipata kwa kutoa.

Ama mstari utokao mashariki hadi magharibi umenyooka, nao una nyuzi 180. Kibla kikisimama juu yake, mashariki pana 86, na magharibi hapana budi pawe na 94, ili 180 itimie. Hapo ndipo kijana alipoteleza. Alipima 86 palipotakiwa 94, akaenda kando kwa nyuzi 8. Kwa masafa ya Kitui hadi Makka, hizo ni zaidi ya kilomita 300 kando ya Al-Kaaba.

Walioko Wote, Makueni, kibla chao huinama kiasi cha nyuzi 5. Waachieni watoto watafute pembe mbili zilizobaki. Jawabu ni 85 na 95. Lakini mashariki isikisiwe kwa jua la siku yoyote: jua huchomoza mashariki hasa siku zile za Machi na Septemba ambapo usiku na mchana hulingana.

Mama ameuliza pia juu ya swala zilizopita. Wanazuoni wengi huona kwamba aliye mbali na Makka, akajitahidi na akabaki katika upande wa kibla, swala yake ni sahihi. Basi moyo wake utulie, na kijana asikemewe. Apewe yeye mwenyewe kipimapembe, aanze upya, na autandike mswala kwa mkono wake.

Wallahu aalam.