Kabla ya vishikwambi vingine, tupeni lebo

Kishikwambi ninachofundishia kilianza kazi kwenye Sensa ya 2022. Sensa ilipokwisha, vishikwambi vikagawiwa walimu. Nashukuru kwa dhati, kwani sisi wa Amani, milimani Usambara, vitabu vya ziada tunavifuata Muheza, na mvua ikikazana barabara haina adabu. Shida iko kwa kilichomo ndani. Mafaili yangu ya Baiolojia nimeyapata kwa WhatsApp na kwa flashi, na moja, video nzuri kabisa ya jinsi jani linavyojitengenezea chakula, linaitwa VID-20230214-WA0007. Nani kaitengeneza? Kwa mtaala upi? Naruhusiwa kumnakilia mwenzangu wa shule ya pili? Halisemi. Nikilihitaji nafungua moja baada ya jingine, darasa zima likinitazama.

Kwa hiyo kabla Serikali na wafadhili hawajaleta vishikwambi vingine, naomba kitu cha bei nafuu zaidi: kanuni moja ya kitaifa kwamba kila somo la kidijitali libebe lebo ndani yake, yenye maelezo yaleyale kwa mpangilio uleule.

Anayedhani hayo ni mambo ya wataalamu wa kompyuta, apande Amani. Wajerumani walipofungua taasisi yao ya utafiti hapa 1902, walikausha mimea ya Usambara na kuibandika kwenye karatasi, kila karatasi ikiwa na jina la mmea, mahali ulipochumwa, tarehe, mchumaji na namba yake. Mkusanyiko huo ulihamishiwa Nairobi 1950 na unatumika hadi leo. Nakala nyingine zilikwenda Berlin, na Machi 1943 mabomu yakateketeza sehemu kubwa ya hazina ya huko. Wataalamu wakatafuta kwingine karatasi za mchumaji yuleyule zenye namba ileile, nazo zikashika nafasi ya zilizoungua. Bila namba, wangekuwa wameshika majani makavu tu.

Siku hizi lebo za mimea huandikwa kikompyuta kwa kiwango kiitwacho Darwin Core. Jina hilo limefuata Dublin Core, kiwango cha kutambulisha nyaraka kilichoanzia kwenye mkutano wa 1995 mjini Dublin, ule wa Ohio, Marekani. Kina vipengele 15. Watu wa elimu wakaja na chao 2002, LOM, chenye makundi 9 na vipengele zaidi ya 70. Kimojawapo kinakutaka upime msongamano wa maana ndani ya somo! Mtengeneza video hatapima. Atajaza chochote ili faili lipite. Sisi tuchukue vichache: somo, umahiri, mwaka wa mtaala, lugha, mtengenezaji, ruhusa ya kunakili, ukubwa wa faili. Ukubwa nausisitiza kwa sababu bando tunanunua wenyewe.

Mwaka wa mtaala ndio roho ya jambo. Mtaala mpya ulianza kufundishwa Januari 2024, na elimu ya msingi inashuka kutoka miaka 7 hadi 6. Mwaka 2027 Darasa la VI na la VII watamaliza pamoja, kisha Darasa la VII halitakuwepo tena. Faili lililoandikwa "Darasa la VII" litabaki yatima, hata kama hesabu za asilimia zilizomo hazijabadilika hata nukta. Lebo ikitaja umahiri na mwaka wa mtaala, Taasisi ya Elimu Tanzania itatoa jedwali moja la kuunganisha mada za zamani na za sasa, na mafaili yatajipanga upya bila mtu kuyagusa moja moja.

Shirika la Viwango Tanzania (TBS), linalotuwekea viwango vya saruji, halishindwi kuketi na Taasisi ya Elimu wakaandika ukurasa mmoja. Kazi ya kujaza iwe ya anayeuza au kugawa somo kwa shule za umma, si ya mwalimu. Wapo watakaosema masharti yatawafukuza vijana wanaorekodi masomo kwa simu zao chumbani. Nakubali nusu: fomu ya mistari sabini itawafukuza, ya mistari saba kwa Kiswahili, inayojazwa kwenye simu hiyohiyo, haitamtisha mtu. Walimu wa shule za kata wawemo kwenye kamati itakayochagua mistari hiyo, na kikao cha kwanza kifanyike mahali ambapo mtandao unakatika.