Mtoto kiziwi hajumuishwi kwa kupewa dawati

Mjadala wa elimu jumuishi umefika mahali ambapo anayetetea darasa maalumu huonekana anatetea ubaguzi. Chanzo chake kinaeleweka. Kwa miaka mingi watoto wenye ulemavu walifichwa majumbani, na walioandikishwa shule wengi waliishia kwenye chumba cha pembeni ambako hakuna aliyetarajia wafaulu. Azimio la Salamanca la mwaka 1994 lilitaka utaratibu huo ukome. Ukafuata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge letu likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Nayaunga mkono yote hayo. Mtoto anayetumia kiti mwendo hana sababu ya kutengwa; anahitaji njia ya mteremko mlangoni na choo anachoweza kuingia. Mtoto mwenye ualbino anahitaji kiti cha mbele, kofia na maandishi makubwa, ambayo hata Baraza la Mitihani huwachapia watahiniwa wenye uoni hafifu. Darasa la kawaida ni lao. Lakini mtoto kiziwi ni habari nyingine, na kumtia kapu moja na wenzake hao ni kumdhulumu huku tukidhani tunamtendea haki.

Tazama kipindi cha hisabati katika darasa la tatu lililojaa, kama yalivyo mengi ya shule zetu za serikali. Mwalimu anageukia ubao, anaandika huku anaeleza, na mtoto kiziwi anabaki kuutazama mgongo wake. Mwalimu anauliza saba mara nane ni ngapi, darasa zima linajibu kwa pamoja, naye anafungua mdomo pamoja nao kwa sababu ameona midomo ya wengine ikifunguka. Halafu ananakili kila kilicho ubaoni, kwa mwandiko mzuri, na daftari linarudi na alama za vema. Mwalimu ameridhika, mkaguzi naye ataridhika, na mzazi ataonyeshwa daftari. Yaliyoandikwa humo mtoto hayajui. Wapo wanaosema atasoma midomo. Basi mtu asimame mbele ya kioo, aseme bila sauti baba, kisha mama, kisha papa, aone kama midomo inatofautiana. Sehemu kubwa ya matamshi hufanyika ndani ya kinywa ambako jicho halifiki, na anayefaulu kuyakisia ni yule ambaye tayari anaijua lugha inayosemwa.

Na hapo ndipo penye kiini cha suala. Zaidi ya watoto tisa kati ya kumi walio viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, ambao wengi wao hawajawahi kukutana na lugha ya alama. Mtoto huyo hufika shuleni akiwa na miaka saba, ana ishara chache za nyumbani za kuomba maji na chakula, na hana lugha. Mwenzake anayesikia amekuja shule kujifunza kusoma lugha anayoizungumza. Yeye amekuja kutafuta lugha yenyewe, na lugha haipatikani kwa kukaa peke yako katikati ya watu ambao hawaizungumzi. Nikaragua imetupa ushahidi ambao wanaisimu wanaurejea hadi leo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watoto viziwi walianza kukusanywa katika shule moja jijini Managua, nao walimu wakakusudia kuwafundisha Kihispania na kusoma midomo. Mafanikio yalikuwa haba. Ila uwanjani na kwenye basi la shule watoto waliunganisha ishara walizotoka nazo makwao, wadogo waliowafuata wakazipa sarufi, na baada ya miaka michache kulikuwa na lugha kamili ambayo hakuna mtu mzima aliyewafundisha. Wangetawanywa, kila mmoja katika shule ya mtaa wake, lugha hiyo isingezaliwa.

Historia ina onyo lake pia. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, wakaamua kwamba matamshi ndiyo njia bora, na shule nyingi za Ulaya na Marekani zikapiga marufuku ishara madarasani. Iliwachukua waandaaji wa mikutano ya kimataifa ya aina hiyo hadi mwaka 2010, mjini Vancouver, kuyakataa rasmi maazimio yale na kujutia madhara yake. Sisi hatujapiga marufuku ishara yoyote, lakini tukimweka kiziwi mmoja hapa na mwingine kule, ishara zitakosa wa kuzitumia, na kwa mtoto matokeo yatakuwa yale yale.

Sheria zenyewe hazitulazimishi kufika huko. Sheria yetu ya mwaka 2010 inataka mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, lakini inaacha nafasi pale panapohitajika mawasiliano maalumu. Ibara ya 24 ya Mkataba inataka viziwi wafundishwe kwa lugha inayowafaa, katika mazingira yanayowakuza zaidi kitaaluma na kijamii. Kenya imekwenda mbali zaidi: Katiba yake ya mwaka 2010 imeifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, na wanafunzi viziwi wa huko wamekuwa wakiifanyia mtihani wa taifa mahali pa Kiswahili. Hapa kwetu kijana kiziwi anayevuka kwenda sekondari anakabiliwa na Kiingereza juu ya Kiswahili, zote lugha za watu wanaosikia, na mara nyingi mbele ya mwalimu asiyejua ishara hata moja.

Pingamizi zito kuliko yote dhidi ya kuwakusanya viziwi pamoja linahusu bweni. Shule za viziwi ni chache. Ile ya Tabora, iliyoanza mwaka 1963, na ya Buguruni jijini Dar es Salaam zimepokea watoto kutoka mbali, na mtoto anayerudi kwao likizo tu huweza kuwa mgeni kwa mama yake mzazi. Bweni lina hatari pia: Oktoba 2022 moto uliwaua watu 11, wengi wao watoto, katika shule ya wasioona ya Salama, Mukono, Uganda. Sitalipuuza hilo. Ndiyo maana siombi kila mtoto kiziwi apelekwe bweni la mbali. Naomba kila wilaya iwe na kitengo ndani ya shule ya kawaida, chenye viziwi wa kutosha kuwa jamii ya wazungumzaji, madawati yakipangwa nusu duara ili kila mtoto aone mikono ya wote, nao watoke pamoja na wengine mapumziko, michezoni na kwenye bustani ya shule. Walio mbali mno wataendelea kuhitaji bweni, na hilo lijengwe na kulindwa kama mahali wanapolala watoto.

Wengine watasema mkalimani anatosha. Mkalimani humfaa kijana wa chuo ambaye tayari ana lugha. Mtoto wa miaka saba asiye na lugha hana cha kutafsiriwa. Anahitaji mwalimu anayeongea naye moja kwa moja, na aliye bora ni mwalimu ambaye mwenyewe ni kiziwi. Tena anahitaji mzazi anayejua ishara. Kitengo kinachofungua milango Jumamosi kuwafundisha akina mama, akina baba na bibi lugha ya alama kitamrudishia mtoto nyumba yake. Na wanaohofia kwamba hataweza kuishi na wanaosikia wangeanza na wanaosikia wenyewe: shule yenye kitengo iweke lugha ya alama kwenye ratiba ya wanafunzi wote, kuanzia darasa la kwanza.