Gari Kongwe Lishushwe kwa Vipimo, Si kwa Msumeno

Kijana wa jirani yangu hapa Mombasa amerithi gari la marehemu babake, Peugeot 504. Majuzi alinijia na furaha isiyo kifani. "Shikamoo ammi. Njoo ulitazame, nimelishusha!" Nikatoka nikaliona. Kweli lilipendeza, limelala chini kama paka anayevizia ndege. Nikampa hongera, akanitembeza.

Hatukufika mbali. Kwenye tuta la kwanza lilisikika pigo la chuma kwa chuma, na konani likarukaruka kama punda aliyechokozwa. Nikamuuliza limeshushwa vipi. Akajibu kwamba fundi amekata springi zote nne, na shokomzoba ni zile zile za zamani.

Msomaji, mimi si katika wazee wanaosema kushusha gari ni upuuzi wa vijana. Gari kongwe lililoshushwa kidogo lina haiba yake, na likifanywa sawa hutulia zaidi konani. Ninalolipinga ni msumeno.

Springi kazi yake ni kubeba uzito. Shokomzoba kazi yake ni kuituliza springi: ndani yake mna mafuta yanayosukumwa kupita vitundu vyembamba, na msukumo huo ndio unaokomesha mchezo wa springi. Ni kama vipande viwili vya mshororo mmoja. Ukipunguza mizani upande huu, huna budi kuutazama na upande wa pili.

Basi tufanye hesabu. Springi yenye mizunguko 8 inayofanya kazi, ukikata 1 inabaki na 7, na ugumu wake huongezeka kwa sehemu moja ya saba. Imekuwa fupi, tena ngumu. Shokomzoba iliyopimiwa springi laini haiimudu, na gurudumu huruka likaacha lami. Isitoshe, shokomzoba hiyo ya urefu wa zamani sasa huishi imebanwa. Tuta dogo tu, inagota. Na siku gurudumu likining'inia shimoni, springi iliyokatwa yaweza kuchomoka mahali inapokalia. Wako pia wanaoichoma springi kwa gesi mpaka ikanywea. Hao wameiua nguvu ya chuma chenyewe.

Afanyeje basi mwenye kutaka? Kwanza aamue kiasi. Kwa barabara zetu za matuta na mashimo, sentimita 2 au 3 zatosha. Pili, anunue springi fupi zilizotengenezwa kwa gari la namna hiyo hiyo, za mbele na za nyuma pamoja, maana mbele kuna injini na nyuma hukaa watu na mizigo. Tatu, atafute shokomzoba fupi zinazolingana na springi hizo, zenye nguvu ya kuzizuia hasa zinapojinyoosha. Mwisho, magurudumu yakapimwe mwelekeo, kwani gari likishuka nayo huinama, na tairi huliwa upande mmoja.

Tena tukumbuke kwamba gari hili halikuinuliwa bure. Lilipotoka Ufaransa mwaka 1968 lilikuwa na springi ndefu na laini za kumeza barabara mbovu. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda nalo Safari Rally, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda kwa 504 ya milango miwili. Anayelishusha anapunguza sehemu ya sifa hiyo. Apunguze, lakini ajue anachokipunguza.

Nitaambiwa habari ya fedha: vifaa ni ghali, na mwenye msumeno ataka vijisenti tu. Sawa. Asiyekuwa na fedha leo na aliache gari kama lilivyo mpaka azipate. Gari refu halina aibu. Springi ikishakatwa hairudi.

Yule kijana ameliegesha gari, anatafuta springi nyingine. Nilimkumbusha jambo moja tu, kwamba kiti cha nyuma ndicho anachokaa mamake wakienda Malindi kuzuru jamaa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kweli, ammi."

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na ainame, lakini kwa vipimo, asije akavunjika mgongo.