Kabla ya kuvunja ukuta, andika saa

Wasomaji wangu, leo sitaandika kuhusu programu. Nitaandika kuhusu dari ya ofisi yetu, na jinsi mama mmoja mwenye saluni alivyokaribia kufukuzwa kwa kosa ambalo si lake. (Mnaoulizia sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, inakuja, nivumilieni kidogo.)

Tuko ghorofa ya tatu katika jengo la ghorofa saba hapa Nairobi. Mwaka jana dari ilianza kudondosha maji juu ya meza yenye seva na ruta yetu. Si kila siku. Unaingia asubuhi, unapata kidimbwi mezani, unapiga simu, fundi wa mifereji anafika saa tano, anapapasa dari na kukuta imeshakauka. Anakwambia, "Ikianza tena nipigie, bosi," kisha anaenda zake na nauli yake. Wiki nzima inapita bila hata tone moja. Halafu inaanza tena.

Juu yetu kuna saluni yenye masinki matatu ya kuoshea nywele. Kwa msimamizi wa jengo, kesi iliisha kabla haijaanza: juu kuna maji, chini kuna maji, sasa mwenye makosa ni nani? Fundi akavunja vigae chini ya sinki la kwanza, akabadilisha bomba la maji machafu, akafunika. Wiki mbili baadaye, tone. Akavunja chini ya sinki la pili. Vigae vilinunuliwa kwa pesa za mama huyo, na kila mara saluni ilifungwa siku mbili. Mvujo uliporudi akaandikiwa barua: ukiendelea, ahame, na deposit yake itumike kutengeneza dari yetu.

Dari yetu! Mimi ndiye niliyekuwa nikilalamika kila mara. Alipokuja kunionyesha barua hiyo nilikosa pa kutazama.

Sasa nawauliza: kama programu yako inakwama mara moja kwa wiki, utaanza kwa kufuta nusu ya msimbo wa mwenzako kwa sababu tu faili yake iko karibu na yako? La. Utauliza kwanza: ilikwama saa ngapi? Nani alikuwa akiitumia? Ni nini kingine kilikuwa kikiendelea? Katika jengo letu hakuna aliyekuwa ameuliza hata swali moja kati ya hayo, nikiwemo mimi ambaye kazi yangu ya kila siku ni kuyauliza.

Mvujo unaokuja na kuondoka una ratiba. Bomba la maji safi lina shinikizo saa zote. Kila mita 10 za maji yaliyo juu yako ni kama bar 1, na tangi letu liko kwenye paa, mita 13 hivi juu ya dari yetu. Bomba kama hilo likipasuka litavuja mchana na usiku, na pengine usiku zaidi kwa sababu mifereji imefungwa na shinikizo limepanda. Bomba la maji machafu ni tofauti, huvuja mtu anapomwaga maji tu. Paa huvuja mvua ikinyesha. Kiyoyozi hudondosha kikiwa kinafanya kazi, hasa hewa ikiwa na unyevu mwingi. Kwa hiyo ukijua saa peke yake, tayari umewaachilia huru nusu ya washukiwa, na nyundo bado iko kwenye mfuko wa fundi.

Nikabandika karatasi ukutani: tarehe, saa, pamevuja au hapakuvuja. Hiyo ya "hapakuvuja" ndiyo watu husahau, na bila hiyo karatasi haina maana. Nikaweka beseni chini ya doa. Wiki ya kwanza sikupata kitu. Baadaye nikagundua kwamba dada anayetusafishia ofisi anafika saa kumi na mbili asubuhi, anakuta maji kwenye beseni, anayamwaga vizuri na kulipanguza! Alikuwa akifuta ushahidi wangu wote kwa nia njema kabisa. Nilipomweleza alicheka, kisha akawa mwandishi mzuri wa karatasi ile kuliko mimi.

Kuna wenye hamu ya vifaa, najua mnasubiri. Ndiyo, nilitengeneza kimoja. Bodi ndogo ya ESP8266, nyaya mbili ndani ya beseni, maji yakizigusa nyaya ujumbe unaingia kwenye simu yangu. Onyo moja tu: usipitishe umeme kwenye nyaya hizo wakati wote, waya mmoja utaliwa ndani ya siku chache na utadhani beseni ni kavu. Washa kwa sekunde moja kila dakika, soma, zima. Lakini karatasi ilitangulia, na karatasi ndiyo iliyojua kwamba mtu fulani humwaga maji asubuhi.

Baada ya wiki sita tulikuwa na mara nane. Sita kati ya hizo ni alfajiri ya Jumatatu, kati ya saa saba na saa tisa usiku. Mbili ni alfajiri ya Alhamisi. Mchana, hakuna. Jumamosi, siku ambayo saluni hujaa watu hadi kwenye ngazi, hakuna.

Nikampelekea fundi. Akanipa jibu ambalo lilikuwa na akili, sitamdharau. Alisema maji yanaweza kukawia: yanaingia chini ya vigae, yanakaa kwenye saruji, yanatokea upande wa chini saa nyingi baadaye, tena mbali na yalipoingilia. Ni kweli kabisa. Maji hufuata mfereji wa nyaya za umeme au ufa wa zege, na yanapodondoka si lazima pawe ndipo yalipotoka. Lakini kama ni kukawia, basi maji ya Jumamosi yangetokea Jumamosi usiku au Jumapili, na kama yangekawia hadi Jumatatu, basi ya Ijumaa nayo yangetokea Jumapili. Kwa nini Jumatatu tu? Na Alhamisi mbili zilitoka wapi?

Aliyejibu ni mlinzi wa usiku. Nilimsomea tarehe zile getini, akasikiliza, akasema, "Kijana, hizo ni siku za maji." Huku kwetu maji ya kaunti huja kwa mgao. Kwa jengo letu ni Jumapili usiku na Jumatano usiku. Mzee huyaona yakiingia kwenye tangi la chini, anawasha pampu iyapeleke paani, na anaizima baada ya saa mbili. Saa mbili kila mara, kama alivyoagizwa alipoajiriwa. Yote ameyaandika kwenye kitabu chake cha matukio, saa ya kuwasha na saa ya kuzima, kwa miaka. Hakuna aliyewahi kumwomba kitabu hicho. Nilikaa nacho kibandani pake nikilinganisha na karatasi yangu, na mara zote nane zilikaa sawasawa.

Mengine yakajipanga yenyewe. Jumatano tangi la juu huwa karibu tupu baada ya siku za kazi, kwa hiyo saa mbili zinalijaza tu. Jumapili ofisi zimefungwa, tangi bado lina maji, na saa mbili ni nyingi mno. Linafurika. Zile Alhamisi mbili? Moja ilifuata sikukuu, nyingine ilifuata siku ambayo ofisi kubwa ya ghorofa ya tano haikufunguliwa. Na kwa nini tatizo lilianza mwaka jana tu? Kwa sababu mwaka jana wapangaji wa ghorofa ya sita walihama na matumizi ya maji yakapungua.

Maji yanayofurika huteremka katika bomba lake ndani ya shimo la mabomba hadi chini, ili yasimwagikie magari. Tulipanda paani, mimi, mzee na fundi, tukafungua kiungio cha bomba hilo nje ya tangi (msitie rangi kwenye tangi la maji ya watu!) na kumimina ndoo mbili za maji yenye rangi nyekundu ya chakula. Mwenzangu alikuwa chini na simu mkononi. Dakika kumi na moja, akapiga: "Ni jekundu!" Ilikuwa saa nane mchana, saa ambayo dari ile haikuwahi kuvuja hata siku moja.

Kosa lenyewe ni la aibu. Kiungio kimoja, kwenye usawa wa sakafu ya saluni, hakikuwahi kupakwa gundi. Tangu jengo lijengwe kilikuwa kimechomekwa tu.

Mwaka 1985 Jim Gray, akiwa kampuni ya Tandem, aliandika ripoti kuhusu kwa nini kompyuta husimama. Humo alitofautisha makosa yanayojirudia kila ukijaribu na yale yanayotoweka ukiyatafuta. Haya ya pili mara nyingi hayana uchawi, ni mambo mawili yanayopaswa kukutana. Kwetu, pampu na tangi lenye maji. Na bomba la kufurikia ni kama ile sehemu ya programu tunayoandika ya kushughulikia hitilafu: haitumiki mpaka kitu kingine kiharibike, kwa hiyo hakuna anayeijaribu.

Msimamo wangu ni huu, na wenye majengo watanichukia: mpangaji asitozwe hata senti kwa mvujo mpaka anayemshtaki aonyeshe tarehe na saa, na aweze kuufanya utokee mbele ya watu. Najua kikwazo. Fundi hulipwa kwa kuvunja na kujenga. Hakuna anayemlipa kwa kukaa wiki tatu akitazama beseni, hivyo simlaumu yeye kwanza. Lakini kazi ya kutazama haihitaji fundi. Inahitaji karatasi, kalamu, mlinzi na anayefagia, na hao wote jengo linao tayari.

Kiungio kilibadilishwa kwa chini ya shilingi 500, pamoja na gundi. Pampu imewekewa swichi ya boya, inajizima tangi likijaa. Barua ya mama wa saluni imefutwa kwa maneno tu, nimemwambia adai karatasi. Pesa za vigae hajarudishiwa mpaka leo. Hakupata vya rangi ileile, kwa hiyo ukienda kuoshwa nywele pale utaona chini ya masinki mawili sakafu ni ya bluu.