Staa mnamsema nyie, fimbo anapigwa kijana wa Mbamba Bay

Staa wa kiume wa Bongo akisuka nywele au akivaa hereni tu, Mbinga mjini stori ni moja: "Yule naye ni wale wale!" Kuanzia vijiwe vya bodaboda hadi kwenye vichanja vya dagaa kule ziwani, kila mtu kageuka daktari. Huyu anasema ni utandawazi, yule anasema kalelewa na mama peke yake, wa tatu anasema ana mapepo.

Staa hana shida, ana mawakili na hela. Anayeumia ni kijana wa Mbamba Bay au Liuli mwenye sauti nyembamba tu, ambaye ndugu wanamtandika au wanampeleka kwa mganga "akatolewe".

Sasa sayansi inasemaje? Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu karibu laki tano. Jibu likawa hakuna jeni moja ya ushoga. Zipo nyingi, kila moja ina mchango mdogo mno, na huwezi kumpima mtu vinasaba ukajua anampenda nani. Hata mapacha waliotoka yai moja wanaweza kutofautiana. Ni kweli waliopimwa walikuwa na asili ya Ulaya, Wamatengo na Wanyasa hawakuwemo. Lakini hiyo ni sababu ya kupunguza ujuaji, siyo ya kuongeza fimbo.

Na hiyo ya kulelewa na mama peke yake? Hakuna ushahidi wa maana kwamba malezi ndiyo chanzo. Shirika la Afya Duniani liliondoa ushoga kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990, kwa hiyo mganga anatibu nini hasa? Kipigo na dawa havibadilishi mtu anavutiwa na nani. Vinaacha makovu na msongo wa mawazo.

Wengine watakimbilia sheria. Sawa, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kipo, na adhabu yake ni kali, miaka 30 hadi maisha. Ila kinahusu tendo, siyo sauti wala mwendo, na hakijampa mjomba wala jirani kazi ya uhakimu.

Nywele za staa mtazijadili mpaka kesho, ruksa. Ila mtoto wa jirani akianza kuburuzwa kwa mganga, nani kijiweni atasimama aseme basi? Mnasemaje, wadau?