Oili ya Giaboksi: Usisubiri Gia Zianze Kuteleza

Leo tuache kidogo mbegu na viuatilifu, tuongelee ile gari ya mtumba inayobeba mavuno yenu. Wengi mna Noah au Succeed za otomatiki, umri miaka 15 na zaidi.

Niliponunua yangu, fundi aliniambia: "Mkuu, gari ya zamani usiiguse oili ya giaboksi, utaiua." Nikamsikiliza. Msimu uliopita napandisha Kitonga, nyuma kuna mbolea na mipira ya matone, injini inanguruma lakini gari haiendi. Giaboksi imekwisha. Pesa ya kukodi ekari mbili ikaishia gereji, na miche ikazeeka kitaluni.

Yule fundi hakukosea yote. Gia zikishaanza kuteleza, mara nyingi klachi za ndani zimelika, na oili mpya haiwezi kuziponya. Kosa ni kuifanya hiyo kuwa sheria kwa kila gari ya zamani. Oili inaharibiwa na joto, na mzigo mlimani ndio joto lenyewe.

Msimamo wangu: gari inayobeba mizigo badili kila kilomita 40,000 hadi 60,000, hata kama haina dalili yoyote. Ukiwa hujui historia yake, angalia kwanza. Kama ina kijiti cha kupimia, iwe imepata moto, sehemu tambarare, injini inawaka, gia iko P. Chomoa, futa, rudisha, chomoa tena, dondoshea kitambaa cheupe. Nyekundu, endelea. Kahawia, badili. Nyeusi yenye harufu ya kuungua, fundi wa giaboksi aikague kabla hujamwaga chochote.

Kwa gari ya zamani, mimi sikubali oili isukumwe kwa mashine. Mwaga ya kwenye sampo tu, angalia na chujio, jaza kiasi kilekile kilichotoka. Nyingi inabaki ndani, kwa hiyo rudia baada ya kilomita elfu moja au mbili.

Na usinunue oili kwa kuangalia rangi. Kwa Toyota, T-IV siyo WS, na gari ya CVT ina oili yake kabisa. Soma kitabu cha gari.

Pampu ya maji unaifanyia sevisi kabla ya kiangazi. Gari nayo ni kifaa cha shamba. Iandike kwenye bajeti ya msimu, chini ya mbolea.