Aliyenunua kompyuta ndiye mwenye kompyuta: masasisho yaombe ruhusa kwanza

Lubumbashi – Katika inchi ambamo mega zinanunuliwa kwa hesabu na umeme unakuja kwa zamu, programu za kompyuta zinaendeshwa kana kwamba vitu hivyo viwili ni vya bure na havikatiki. Programu inajiamulia yenyewe siku ya kupakua masasisho, yale ambayo mafundi wanaita mise à jour, kisha inajizima na kujiwasha upya. Mwenye mashini anakuja kujua wakati mega zimekwisha. Swali la kuuliza ni moja: mwenye mashini ni nani?

Wanaolijua tatizo hili vizuri ni wenye sekretaria, zile meza za kuandikisha na kuchapisha karatasi zinazopatikana karibu na vyuo, komini na tribinali. Kazi yao haingojei. Mwanafunzi analeta memwari yake asubuhi, na anapaswa kuiweka mikononi mwa profesa mbele ya saa sita. Kompyuta ikionyesha maandishi ya kukataza kuizima, na asilimia zinapanda polepole, mteja anavuka barabara na kwenda kwa jirani. Umeme ukikatika katikati ya masasisho, mara ingine mashini haiwaki tena vizuri, na fundi anaomba pesa ya kuweka Windows upya. Hasara yote inamwangukia mwenye meza, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Mega zinaondoka namna gani? Kompyuta ikiunganishwa kwa Wi-Fi, kwa kawaida Windows inahesabu kwamba intaneti hiyo haina kipimo, kama ile ya nyumba za Ulaya ao Marekani ambako familia inalipa mara moja kwa mwezi na kutumia bila kuhesabu. Lakini hapa Wi-Fi mara nyingi inatoka katika simu ya mtu, ao katika modemu ndogo ya mfukoni iliyowekewa mega za siku moja. Kompyuta haijui tofauti hiyo mpaka ielezwe. Sasisho kubwa la Windows linaweza kupita giga tatu. Mtu aliyenunua mega ili atume barua ya kuomba kazi anakuta zimekwisha mbele ya barua kuondoka.

Wengine watasema masasisho ni ya lazima. Ni kweli, na haifai kudanganya wasomaji juu ya jambo hilo. Masasisho yanaziba matundu ambamo wezi wa mitandao wanapitia. Katika inchi ambayo watu wengi wanaweka pesa zao katika M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, mashini isiyosasishwa ni nyumba isiyo na kufuli. Kwa hiyo dawa si kuyafunga masasisho milele. Dawa ni programu kuuliza kwanza, kwa lugha ambayo mtu anaelewa: sasisho hili lina mega kiasi hiki, tulichukue sasa, usiku, ao siku ya posho?

Kuna jambo lingine lenye kuumiza zaidi. Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10. Windows 11 iliyochukua nafasi yake inadai kompyuta yenye chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni. Kompyuta za okazyo, ambazo ndizo zinafikiwa na mfuko wa wakaaji wengi, mara nyingi zilitengenezwa mbele ya hapo. Kibodi inaandika, skrini inaonyesha, betri inashika umeme, lakini mwenyewe anaambiwa mashini yake imezeeka.

Kwa mkaaji wa Katanga, maneno hayo yana uchungu wa pekee. Kobalti inayotumiwa katika betri za laptopu na simu, zaidi ya nusu yake duniani inatoka Kongo. Malori yanaitoa Kolwezi, yanapita Lubumbashi na kuelekea mpaka wa Kasumbalesa. Madini yanaondoka katika magunia, kisha yanarudi miaka mingi baadaye ndani ya kompyuta ya okazyo. Na mbele mnunuzi hajamaliza kulipa deni lake, uamuzi uliopitishwa mbali naye unaigeuza kuwa takataka, ingawa hakuna kilichovunjika ndani yake.

Je, hakuna la kufanya? Liko. Katika inchi nyingi za Ulaya, mashirika ya walaji yalipaza sauti, na Microsoft ikakubali kuwapa wakaaji wa huko mwaka mmoja zaidi wa masasisho ya usalama ya Windows 10 bila kulipa, hadi Oktoba 2026. Kwingine mtu aliombwa dola 30, ao akubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yake kwa kampuni hiyo. Tena, tangu tarehe 20 Juni 2025, sheria ya Umoja wa Ulaya inawalazimisha watengenezaji wa simu kuendelea kutoa masasisho kwa miaka isiyopungua mitano baada ya kuacha kuuza aina fulani ya simu. Waliosema walisikilizwa.

Kongo nayo ina Kodi ya numeriki tangu Machi 2023, na ina ARPTC yenye kazi ya kusimamia sekta ya mawasiliano. Mashirika ya raia ambayo yanapigania bei ya mega yangefaa kuongeza ombi hili: pasiwe na programu ya kutumia mega za mtu bila kumwonyesha hesabu na kungojea jibu lake.

Wakati wa kungojea, kila mtu anaweza kujilinda. Katika mipangilio ya Wi-Fi ya Windows kuna pahali pameandikwa "connexion limitée". Ukipawasha, masasisho mengi yanasimama. Kwenye simu za Android, Play Store inaruhusu kuzuia programu zisijisasishe zenyewe. Sekretaria yenye kompyuta tano inaweza kupakua sasisho mara moja, kisha mashini zikagawana zenyewe kwa zenyewe. Na kompyuta iliyokataliwa na Windows 11 inaweza kuendelea na kazi kwa Linux, ingawa mwenyewe atapaswa kuangalia vizuri kama memwari za wateja hazikuharibika mpangilio wakati wa kuzifungua.

Mambo hayo yanasaidia, lakini yanamwachia mnyonge mzigo wote. Kampuni zinazotengeneza programu zinajua kuuliza ruhusa, kwa sababu zinauliza kila siku mtu akubali masharti yao. Ziulize pia mbele ya kutumia mega ambazo hazikuzilipia.